Waifai Iitwayo Kifungo

Siku dada yake alipomfuata kazini akiwa na jino lake mwenyewe ndani ya leso, Redio alikuwa anaeleza kwa nini simu za kukunja ni upuuzi.

"Mtu akitaka kukunja, si akunje shuka?" alisema, na meza nzima ya kantini ikaangua kicheko.

Jina la Redio alibandikwa na wenzake wa kiwanda cha maboksi, na hawakumwonea. Alikuwa fundi wa kompyuta wa kiwanda kizima, peke yake, katika chumba kisicho na dirisha kilichobanwa kati ya stoo ya gundi na choo cha wanaume. Asubuhi alishinda na mashine zisizojibu. Saa nne ikigonga, muda wa chai, alitoka humo amejaa habari za teknolojia alizosoma, na ole wake aliyekaa karibu. Kampuni fulani ng'ambo imefukuza watu elfu sita na kusema inajipanga upya? "Kujipanga gani huko kwa kukatana vichwa?" Imetoka mashine inayoandika barua yenyewe? "Meneja wetu mwaka wa kumi huu hajaandika barua, na bado ni meneja." Kamera za kutambua sura? "Mimi mwenyewe nikiamka, kioo hakinitambui." Redio nyingine zina kitufe cha kuzimia. Huyu alizaliwa bila kitufe.

Msikilizaji wake namba moja alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, dereva wa lori la kiwanda. Mtu wa miraba minne, mpole wa sauti, anayecheka kabla mzaha haujafika mwisho. Asubuhi hiyo hakuwa safarini kwa sababu lori liligoma kuwaka. Vifundo vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimechubuka, nyama nyekundu inaonekana.

"Umepigana na nani, shemeji?" Redio alimuuliza wakati wanaketi.

"Na injini."

Redio aliyaamini hayo. Au tuseme ukweli: alikuwa na habari ya kutoa, na mtu mwenye habari mdomoni hana nafasi ya kutazama mikono ya wenzake.

"Hebu niambie, mwanangu," Mama Kantini aliingilia huku akimimina chai. "Hii amri ya kubadilisha neno la siri kila mwezi imetoka kwako? Maana mimi la mwezi huu nimeshalisahau, na la mwezi uliopita ndilo ninalolikumbuka."

"Imetoka makao makuu, mama, mimi natekeleza tu. Lakini ukiniuliza mimi? Ujinga. Watu wanaishia kuliandika kwenye karatasi na kulibandika pembeni ya skrini. Mimi nyumbani kwangu waifai ina jina moja na neno la siri moja tangu nilipoanza kazi. Nikihama, nahama nalo. Nikinunua kisanduku kipya, naweka lile lile. Ndugu yangu akifika mlangoni, simu yake inajishika yenyewe, hakuna kuulizana. Muulizeni shemeji hapa."

"Kweli tupu," shemeji akasema. "Mimi bando sinunui. Nikifika kwa Redio, simu inalia ting, ting, ting, ujumbe wa wiki nzima unaingia. Ila nikikaa ngazini inakata."

"Kwa sababu uko mbali na kisanduku. Tazama vile vimistari juu ya skrini. Vikipungua, rudi. Vikijaa, umefika. Hata mtoto anajua."

"Na hiyo waifai inaitwaje?" aliuliza mlinzi wa getini.

"Kifungo."

Meza ililipuka. Mlinzi alisema katika maisha yake hajamsikia mtu anayejipeleka kifungoni ili apate mtandao. Redio akasubiri wamalize, maana alipenda sana kusimulia kisa hicho. Dada yake, alipokuwa na miaka minne, alimeza kifungo cha shati la baba yao. Siku tatu nyumba nzima ilisubiri kitoke. Kilipotoka, mama alikiosha na kukishona tena mahali pake, na baba akalivaa shati kazini. Tangu hapo Redio hajawahi kumwita dada yake jina lake. Ni Kifungo tu.

"Kifungo cha shati," alisema, "si cha jela."

Hapo ndipo mlango wa kantini ulipofunguliwa, na Kifungo mwenyewe akawa amesimama pale. Alivuta mtandio usoni lakini haukutosha. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa, mdomo wa chini umepasuka, damu imekaukia kidevuni. Alikuja kwa sababu alidhani mumewe yuko safarini. Hakuna aliyempa habari za lori kugoma. Alimwona kaka yake kwanza, akamnyooshea leso.

"Kaka," alisema, na hewa ikampenya kwenye pengo. "Mimi nimeshindwa."

Redio akafungua leso, akaliona jino na mzizi wake. Akaviangalia vifundo vya shemeji.

"Nani amekuruhusu kutoka?" shemeji alimuuliza mkewe, kwa ile ile sauti yake ya upole.

Redio hakuwa mtu wa ngumi. Mara ya mwisho kupigana alikuwa darasa la tano, na alipigwa. Lakini hasira ilimpanda hadi masikio yakaziba, akanyakua chupa ya chai mezani na kumtwanga nayo shemeji yake usoni kwa nguvu zake zote. Kioo cha ndani kilipasuka na chai ya moto ikammwagikia shingoni. Shemeji akanguruma. Kisha akajifuta macho kwa kiganja, akamshika Redio ukosi wa shati, akamwinua na kumbwaga juu ya meza, katikati ya vikombe.

Alimpiga bila papara, kama anavyopakua mzigo. Ngumi ya mbavu, akavuta pumzi. Ngumi ya mbavu tena, pale pale, mpaka kitu kikaalika. Redio alionja damu na sukari. Alisikia Mama Kantini akipiga kelele, akamsikia dada yake akisema basi, basi, nakwenda nyumbani, muache, nakwenda. Ilibidi mlinzi na wapakiaji watatu wamng'oe yule mtu kutoka juu yake.

Wakati wanamburuta nje, shemeji alimgeukia mkewe. Hakupaza sauti.

"Nitakuua," alisema. "Popote utakapokuwa. Kumbuka neno hilo, popote."

Na hakuwa mtu wa kutishia kwa ajili ya kutishia. Ndiyo maana kazi yote ya Redio, tangu dakika ile, ilikuwa moja: mtu huyu asijue dada yake alipo.

Polisi walimweka shemeji ndani siku mbili, wakamwachia na kusema mambo ya mume na mke humalizwa nyumbani. Meneja, ambaye alihitaji dereva kuliko alivyohitaji haki, alimpa kila mmoja barua ya onyo kwa kosa la kupigana kazini, na akaamuru wasikae meza moja. Siku ya tatu mtu asiyejulikana alivunja madirisha yote manne ya nyumba ya Redio kwa mawe, mchana, Redio akiwa hospitalini anafungwa bandeji ya mbavu. Jiwe moja lilitua juu ya kitanda ambacho dada yake alikuwa amelala usiku uliotangulia. Lilikuwa kubwa kama mkate. Walilitazama wote wawili.

Basi Redio akafanya mambo kitaalamu. Alimtafutia chumba upande wa pili wa mji, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, kwenye mtaa ambao hakuna ndugu yao aliyewahi kuukanyaga. Aliingia kwenye kompyuta ya kiwanda akakagua orodha ya wateja wote wanaopelekewa maboksi: hakuna hata mmoja wa mtaa ule. Alimnunulia dada simu nyingine na laini nyingine. Alizima kila kinachoeleza mtu alipo. Alimtoa kwenye makundi yote ya ukoo, hata lile la harusi ya binamu. Mama yao, aliyeishi mbali, aliambiwa binti yake yu mzima na asiulize zaidi.

"Laini ya zamani nipe niivunje," Redio alisema.

"Nimeshaitupa, kaka."

Cherehani ilipandishwa ngazini na watu wawili. Dada alikuwa mshonaji, na mshonaji mzuri. Wateja wake walimtumia picha za mishono na yeye akawarudishia picha za nguo. Bila mtandao angekaa bure, na kukaa bure kungemmaliza. Kwa hiyo siku ya kwanza Redio alikuja na kisanduku cha waifai, akakitundika ukutani juu ya cherehani, akafungua kompyuta yake mapajani. Kompyuta ikauliza jina la mtandao. Vidole vyake vikaandika vile vilivyozoea kuandika miaka yote. Neno la siri, lile lile. Alipomaliza, simu yake mfukoni ikalia yenyewe, imeshajishika, na yeye akatabasamu.

"Dakika nne," akasema. "Kuna watu wanalipwa mshahara kwa kazi hii na wanachukua siku nzima."

"Umeanza," dada akasema, na akacheka, mkono umefunika pengo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ya leso.

Wiki sita zikapita. Mbavu za Redio zikaunga. Uvimbe wa dada ukaisha, akaanza kupokea kazi, sare za wahudumu wa hoteli na gauni za maharusi. Mlango wake ulikuwa na komeo tatu, na alilala na mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa chini ya mto. Redio alimtembelea Jumapili, kwa njia tofauti kila mara, akizunguka mji kama mwizi. Kwenye kantini alirudia matangazo yake, meza ya mbali na shemeji. Siku moja ilitoka habari ya mtu ng'ambo aliyemtafuta mkewe kwa simu akampata, na Redio akatoa maoni kwa sauti iliyofika meza zote.

"Huyo mwanamke hakuwa na mtu wa kumshauri," alisema. "Simu haimtoi mtu aliyejipanga. Mimi mtu wangu hata waje na setilaiti, hawampati."

Shemeji, kule pembeni, alikuwa anakula mkate wake. Hakuinua kichwa. Mama Kantini ndiye aliyemkanya Redio baadaye, kwamba maneno mengine yamezwe na chai, lakini Redio alikuwa ameshalewa sifa.

Alhamisi ya wiki ya saba meza ya pembeni ilikuwa tupu.

"Mbona leo hatumwoni bwana lori?" mlinzi aliuliza.

"Lori limetoka nusu saa iliyopita, hakungoja chai," Mama Kantini akajibu. "Na jana alikuja hapa jioni kunywa chai, amechangamka, sijamwona hivyo tangu ule ugomvi. Anasema amekamatwa na kifungo mjini. Nikamwambia, umekamatwa na kifungo, mbona uko hapa? Umeua mtu? Basi akacheka mpaka akafuta machozi. Eti barabara kubwa inachimbwa, wakamgeuzia njia, amekaa kwenye foleni mbele ya maduka ya rangi dakika ishirini, kifungo kikamshika hapo hapo kwenye foleni. Nimelala nikiwaza, hiyo ni sheria gani mpya ya barabarani?"

Wengine walicheka. Redio aliweka kikombe pembeni ya meza, na meza haikuwepo pale alipokiweka. Kilipasuka sakafuni.

Aliyaona yote kwa mara moja. Lori limesimama kwenye foleni. Simu ya mtu asiyenunua bando imelala juu ya dashibodi, kimya. Halafu ting, ting, ting. Mtu anaichukua, anatazama juu ya skrini, anasoma jina la mtandao. Anainua macho kuangalia madirisha ya ghorofa. Popote.

Alimpigia dada yake akiwa anakimbia. Simu iliita mpaka ikakata. Aliwapigia polisi, akasema mtaa, akasema mtu anauawa, njooni, akaitumbukiza simu kwenye mfuko wa shati na kuwasha pikipiki. Njia nzima alikuwa analia na kutukana, na aliyekuwa akitukanwa alikuwa yeye mwenyewe.

Lori la kiwanda lilikuwa limeegeshwa juu ya kibaraza, milango wazi. Mwenye duka la rangi alikuwa ndani, amesimama nyuma ya makopo yake, redio imefunguliwa hadi mwisho.

"Ni mume na mke," alijitetea kabla hajaulizwa. "Nikaona nisiingilie."

Redio alipanda ngazi tatu tatu. Akiwa katikati aliusikia mlio, wa chuma kikigonga kitu laini kilichokaa juu ya chuma kingine, na baada yake sauti ya dada yake ambayo haikuwa kilio wala neno. Mlango ulining'inia kwenye bawaba moja, komeo zote tatu zimeng'oka pamoja na mbao. Vitambaa vyeupe vilitapakaa chumba kizima na vingine havikuwa vyeupe tena. Shemeji alikuwa amepiga goti juu ya mgongo wa mkewe, ameukandamiza mkono wake wa kulia juu ya kitako cha cherehani, na mkononi ameshika spana ndefu ya kufungulia matairi.

"Mkono huu ndio uliokupa kiburi?" alikuwa anauliza, kwa upole ule ule. "Huu ndio unaokulisha bila mimi?"

Akapiga tena. Redio aliona vidole vikifanya kitu ambacho vidole havifanyi. Alimrukia mgongoni akamng'ata sikio, akang'ata kweli, mpaka meno yakakutana. Shemeji alinyanyuka naye, akajipigiza naye ukutani, kisanduku cha waifai kikaanguka na kubaki kikining'inia kwa waya wake, taa zake za kijani zinapepesa. Redio alipodondoka aliinua mkono kujikinga, na spana ikaushukia mkono huo. Mfupa ulivunjika kwa sauti kavu. Kabla maumivu hayajafika, goti lilikuwa kifuani pake na viganja viwili viko kooni.

"Asante, shemeji," yule mtu alimwambia kwa karibu, damu ya sikio inamdondokea Redio usoni. "Usidhani sikuwa nasikiliza. Nimekuja na simu mkononi, ghorofa ya kwanza vimistari viwili, ya pili vitatu, mlangoni hapa vikajaa. Vikijaa, umefika. Si ndivyo ulivyosema?"

Redio alitaka kujibu, hakuwa na hewa. Chumba kilianza kuwa cheusi pembeni. Akahisi yule mtu akishtuka, mara moja, kama aliyeguswa begani na mtu asiyemtarajia. Kisha mara ya pili. Dada yake alikuwa amesimama nyuma, mkono wa kulia umelegea ubavuni unachuruzika, na wa kushoto umeushika mkasi. Alichoma mara ya tatu, kwenye paja, akauzungusha. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema neno moja tu, polepole, kila mkasi ulipoingia, na neno lenyewe lilikuwa "popote".

Mumewe alitambaa hadi ngazini akaporomoka nazo hadi mlangoni pa duka la rangi. Ndipo mwenye duka alipozima redio.

Hakufa. Mshono wa mgongoni na wa pajani ulimchukua daktari saa nzima, kisha polisi wakamfunga pingu kwenye kitanda cha wodi ya wanaume. Askari aliyekuja kuandika maelezo alimtazama dada, akamtazama Redio na mkono wake wa plasta, akafunga daftari.

"Safari hii hakuna cha kumalizana nyumbani," alisema. "Huyu kifungo hakikwepi."

Askari akaondoka. Dada yake alikuwa amelala chali, bandeji imeanzia kwenye kiwiko na kuishia mapema kuliko inavyopaswa mkono kuishia. Vidole vitatu havikuokolewa. Vya mkono wa kulia, wa kukatia, wa kushonea. Alikuwa macho, na alikuwa analia bila sauti.

"Kaka, najua alinipataje," alisema.

Redio akavuta kiti karibu.

"Ni mimi. Nilikudanganya. Ile laini ya zamani sikuitupa, niliiweka kwenye kiberiti. Juzi nilimkumbuka mama, nikaiweka kwenye simu, nikampigia. Dakika mbili tu, kaka. Nilitaka kumsikia. Ulinikataza, na wewe ndiye mtaalamu, mimi nikafanya kichwa ngumu. Angekuua wewe kwa ajili yangu." Akameza mate. "Nisamehe."

Duniani kote hakuna aliyejua isipokuwa Redio na yule aliyefungwa pingu. Mama Kantini alisimulia bila kuelewa alichosimulia. Mtu angeweza kunyamaza hapo, akamshika dada yake bega, akasema nimekusamehe, na angeishi na kupendwa mpaka uzee. Na alitamani kunyamaza, tusimsingizie utakatifu. Alitamani kwa moyo wake wote. Lakini alimtazama jinsi alivyokuwa akimsubiri, mwanamke mwenye vidole saba anayeomba msamaha, akaona kwamba akinyamaza atakuwa amempiga na yeye.

"Si laini," alisema.

Akamweleza. Bila mzaha na bila maoni. Kantini, vimistari, foleni mbele ya maduka ya rangi, jina lile lile alilolipachika juu ya cherehani yake siku ya kwanza na kujisifu. Sauti yake ilikuwa ndogo, akalazimika kurudia sehemu nyingine. Alipomaliza, dada aliangalia dari.

"Kuweka jina jingine," alisema, "kungechukua muda gani?"

"Dakika moja. Haifiki."

"Na kwa nini hukuweka?"

"Nimezoea," Redio akasema. "Nililipenda."

Alisubiri amtukane. Angemshukuru kama angemtukana. Dada yake aliinua ule mkono wenye bandeji, akautazama upande huu na upande ule, akaurudisha juu ya shuka kwa uangalifu.

"Usiniite Kifungo tena," alisema.

Muuguzi akaingia na sinia la sindano na kadi ambayo haijajazwa. Walipokewa kwa haraka, hakuna aliyeandika majina. Akamgeukia Redio, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekaa.

"Mgonjwa wako anaitwa nani?"

Redio alifungua mdomo. Mdomo ule ambao haukuwahi kukosa neno ulibaki wazi, na ndani yake jina lilikuwa moja tu. Basi dada yake akajibu mwenyewe, majina yake yote matatu, moja moja, akisubiri muuguzi aandike, na hewa ikimpenya kwenye pengo la jino.